Mjomba Anajibu: Mnada wa Mali za Umma Unaupataje, na Ukifika Unafanyaje

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba halmashauri na taasisi za umma huwa zinauza vitu vyao vya zamani kwa mnada, nikaendelea na mambo mengine. Kumbe nimechokoza. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyozoea na karibu zote zinauliza hilo hilo, kwa hiyo leo ukurasa mzima ni mnada. Majina nimetumia yale mliyojipa wenyewe.

*Mjomba shikamoo. Kila siku nasikia fulani kapata pikapu mnadani, fulani kapata jenereta ya serikali kwa bei ya kutupa, mimi nikiuliza wapi naambiwa tu "ulizia ulizia utapata". Kuna mtu WhatsApp anasema ana listi ya minada yote ila nitume kwanza hela ya kujiunga. Hii minada inatangazwa wapi hasa? — Msaka Pikapu*

Marahaba mwanangu. Hela usitume, naanza na hilo kabla hujashika simu. Tangazo la mnada wa mali ya umma ni bure, na siyo kwamba ofisi zina ukarimu sana, ni kwamba mali yenyewe ni ya wananchi, kwa hiyo ofisi ikitaka kuiuza inatakiwa iite watu wote waje washindane, isije ikaonekana mkubwa fulani kamgawia shemeji yake. Sasa kitu kinachotakiwa kutangazwa kwa kila mtu kinawezaje kuwa siri ya kuuziwa kwenye simu? Huyo wa listi anachukua kilichobandikwa ukutani, anakiandika upya, anakuuzia, na ukikifuatilia unakuta nusu ya minada ilishapita zamani.

Ila nakuelewa kwa nini unahangaika, maana kutangazwa ni jambo moja na kuonekana ni jingine kabisa. Ofisi inatimiza wajibu wake basi: inabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, inalipia kinafasi gazetini kurasa za ndani kwenye yale maandishi madogo, na kwenye tovuti inaweka chini ya "manunuzi" au "zabuni" ambako mtu wa kawaida habonyezi. Halafu kuna suala la maneno. Wewe unatafuta "mnada", ofisini wanaandika "uondoshaji wa mali chakavu", au "uuzaji wa vifaa vilivyokwisha muda wa matumizi", au "mwaliko wa zabuni ya kununua magari". Ukitafuta neno moja tu unapitwa na matangazo kibao yaliyo mbele ya macho yako.

Nilichojifunza mimi ni kugeuza swali. Usiulize mnada uko wapi, uliza nani ana mali anayotaka kuitoa. Halmashauri ina malori, pikipiki, magreda. Shule zina madawati na kompyuta, hospitali ina vitanda na majenereta, mamlaka ya maji ina pampu na mabomba. Polisi wana baiskeli na pikipiki ambazo hakuna aliyekuja kuzidai, mahakama ina vitu vya kesi zilizokwisha, kodi wana mali za wadaiwa, forodha wana makontena ambayo wenyewe hawakuyatoa. Hao wote ni wauzaji, na kila mmoja ana ofisi yake ya ugavi au manunuzi. Nenda hapo umevaa vizuri, msalimie afisa ugavi, muulize mambo matatu tu: mali chakavu mnaziuza mara ngapi kwa mwaka, mnatangazia wapi, na dalali wenu ni nani. Hilo la tatu ndo lenye faida kuliko yote, kwa sababu dalali mmoja anaweza kuwa anauzia ofisi nyingi, ukishakuwa kwenye orodha yake ya simu unapata habari za ofisi ambazo hata hukuwa unazijua.

Na jicho lako litumie. Ukipita kwenye yadi ya ofisi ya umma ukaona magari manne matano yamepangwa pembeni, matairi yameisha upepo, majani yameota mpaka usawa wa mlango, hapo umeona tangazo la kesho. Yatakaa hivyo mpaka kamati iyakague, iandike ripoti kwamba hayafai kutengenezwa, wakubwa waidhinishe, ndipo yatangazwe. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua miaka. Mara nyingi mambo yanachangamka mwaka wa fedha unapokaribia kuisha au magari mapya yanapofika na nafasi inatakiwa. Mimi nina daftari kabisa, jina la ofisi, mwezi waliouza mara ya mwisho, dalali aliyetumika, na baada ya kama miaka miwili nikaanza kuona mpangilio wao, siku hizi napiga simu kabla tangazo halijatoka.

Forodha wao wana utaratibu wa peke yake na ni mzuri kwa mtu mvumilivu. Chukua sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, mzigo ambao haujatolewa unatangazwa kwanza kwenye gazeti la serikali, mwenyewe anapewa siku 30, asipojitokeza unauzwa kwa mnada wa hadhara. Maana yake una karibu mwezi mzima wa kujiandaa ukisoma gazeti la serikali badala ya kusubiri kuambiwa.

Kwingine wamehamia mtandaoni karibu moja kwa moja. Marekani miji, kaunti na bodi za shule zinauza kupitia GovDeals na Public Surplus, vituo vya polisi vingi vinapeleka vitu PropertyRoom, serikali kuu ina GSA Auctions. Ujerumani kuna Zoll-Auktion, ni ya forodha lakini hata manispaa zinauzia humo, na Ufaransa halmashauri nyingi ziko Agorastore. Popote ulipo, ukipewa kiungo cha mnada wa mtandaoni usikibonyeze hivi hivi, ingia kwanza tovuti ya ofisi yenyewe uone kama wao wanakutuma huko huko, kwa sababu matapeli wanatengeneza kurasa zinazofanana kila kitu mpaka nembo.

*Shikamoo Mjomba. Mume wangu anataka tununue gari kwenye mnada wa mali zilizokamatwa. Mimi roho inakataa, naona kama tunanunua machozi ya mtu. Halafu mwenyewe akitokea baadaye na karatasi zake? — Mama Roho Nzito*

Marahaba mama. Umeuliza maswali mawili na yote ni ya msingi, naomba nianze na la pili maana linajibika haraka.

Kukamatwa siyo kutaifishwa. Gari lililokamatwa liko mikononi mwa polisi au kodi lakini bado lina mwenyewe, kesi inaendelea, anaweza kushinda akarudishiwa. Lililotaifishwa limeshaamuliwa kisheria, mara nyingi na mahakama, kwamba si lake tena, ni la serikali. Mnada halali kwa kawaida unauza hilo la pili. Kwa hiyo kabla mume wako hajatoa hata senti, aombe kuona namba ya amri ya mahakama au barua iliyoruhusu mauzo, aulize kama gari lina mkopo wa benki juu yake, aulize madeni ya faini na kodi yanamfuata nani, na hati gani atapewa ya kubadilishia umiliki. Ofisi iliyo safi inajibu hayo bila kukunja uso. Wakianza kusema "karatasi zitakuja", rudini nyumbani.

Sasa roho. Mama, siyo kila kitu mnadani kina machozi. Dawati la shule lililovunjika mguu halina machozi, wala lori la takataka lililotembea mpaka likachoka. Baiskeli iliyokaa kituoni bila mwenyewe kujitokeza pia naiona sawa tu. Ila zile za deni na za uhalifu, hapo nakubaliana na wewe kwamba mtu aulize, kwa sababu serikali nazo huwa zinapitiliza, na hilo siyo maneno yangu. Marekani kuna kijana anaitwa Tyson Timbs wa jimbo la Indiana, alikiri kuuza dawa za kulevya, faini kubwa kabisa ya kosa lake ilikuwa dola 10,000, lakini jimbo likamchukulia Land Rover ya dola 42,000 ambayo aliinunua kwa hela za bima ya baba yake aliyefariki. Alipambana mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 2019 majaji wakasema katazo la katiba la faini zilizopitiliza linayabana na majimbo pia, akarudishiwa gari lake 2020. Kosa alifanya, hakukataa, lakini adhabu ilikuwa imezidi kosa.

Na kuna bibi mmoja, Geraldine Tyler, huyu ndo kila nikimkumbuka nanyamaza kidogo. Alikuwa na nyumba ndogo ya ghorofani jimbo la Minnesota, akahamia makazi ya wazee, kodi ya nyumba ikalimbikizana, deni lenyewe kama dola 2,300 lakini riba na faini vikalifikisha kama 15,000. Kaunti ikachukua nyumba, ikaiuza dola 40,000, ikajilipa deni lake, halafu na ile 25,000 iliyobaki ikaweka mfukoni. Mwaka 2023, bibi akiwa na miaka 94, majaji wote 9 wa mahakama hiyo hiyo ya juu walisema kaunti haikuwa na haki ya kubaki na chenji.

Wapo walioamua njia nyingine kabisa. Italia kuna sheria namba 109 ya mwaka 1996, majumba na mashamba yaliyotaifishwa kutoka kwa mafia yanaweza kukabidhiwa vikundi vya jamii vikayatumia, na mashamba mengine saa hizi yanalimwa na vyama vya ushirika. Hawakutaka yaingie mnadani ambako yule yule mwenye nayo angetuma mtu wake kuyanunua tena.

Mimi binafsi, kwa kuwa umeniuliza, nanunua chakavu na vilivyotelekezwa, gari lililotaifishwa nanunua nikishaona amri ya mahakama. Nyumba inayouzwa kwa deni la kodi siigusi. Mara nyingi kuna mtu bado analala ndani, sehemu nyingine sheria inampa muda wa kuikomboa hata baada ya nyundo kugongwa, na sitaki kuwa mimi wa kwenda kumtolea vyombo. Kaeni na mumeo mwongee hilo kabla ya siku ya mnada, siyo siku yenyewe.

*Mjomba niambie ukweli. Magari ya serikali mnadani huwa hawaruhusu kuyaendesha, mengine hata kuwasha hayawaki. Sasa nitajuaje zima na bovu? Nataka moja la biashara. — Fundi Mwanafunzi*

Mwanangu, hapa ndo penyewe. Watu wanadhani mnada ni ile siku ya kelele na nyundo, mimi nakwambia mnada ni siku ya kukagua. Tangazo litasema "mali zitauzwa kama zilivyo na mahali zilipo", na sentensi hiyo iko pale kukuambia kwamba ukishalipa hakuna kurudi, injini ikikosekana ndani ya boneti ni yako hivyo hivyo bila injini. Nimeona ikitokea, mtu kanunua, kaja na fundi, wamefungua boneti, wameangaliana.

Kwa hiyo siku ya ukaguzi nenda asubuhi mapema kabla watu hawajawa wengi na uende na tochi, kitambaa, kalamu na karatasi. Anza na namba ya chasisi kabla ya kitu kingine chochote. Magari mengi tangu miaka ya 1980 yana namba yenye herufi na tarakimu 17, na humo hutakuta herufi I, O wala Q, ziliondolewa zisichanganywe na 1 na 0. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani linakuwa na namba fupi zaidi, yenye kistari katikati, kwa hiyo usishtuke ukikosa 17. Isome kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye kibandiko, pitisha kidole, ukisikia sehemu imesuguliwa au rivet za kibati zinaonekana mpya kuliko gari, ondoka. Halafu linganisha na iliyoandikwa kwenye tangazo, herufi moja moja, maana ikitofautiana hata moja utasota ofisi ya usajili mpaka ujute.

Baada ya hapo fungua mlango, usikae, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, mpaka usikie umegoma. Watu wanaosha gari nje, wanaosha viti, wanabadilisha kapeti, lakini mkanda ule uliojikunja ndani mara nyingi wanausahau. Ukiona una mstari wa tope, rangi moja juu na nyingine chini, gari hilo liliwahi kuzama majini na nyaya zake zitakusumbua maisha. Nilimfundisha kijana mmoja hivyo, akavuta mkanda wa gari zuri la kung'aa ambalo watu walikuwa wamelizunguka kama maandamano, ukatoka na mchanga. Alinitazama tu, tukasogea gari linalofuata.

Fungua kifuniko cha oili uangalie upande wa ndani. Ukikuta kitu kimeganda cheupecheupe kama povu la maziwa, maji yanaweza kuwa yanaingia kwenye oili na gasketi ya silinda hedi ndo ya kwanza kushukiwa, ila gari lililokaa muda mrefu linaweza kufanya hivyo kidogo kwa unyevu, kwa hiyo chomoa na kijiti cha oili uone na huko. Oili nyeusi haitishi, oili yenye rangi ya maziwa inatisha. Angalia chini kuna mafuta yaliyodondoka au la, angalia kama betri ipo, redieta ipo, jeki ipo, hivi vitu vinatembea usiku kwenye yadi.

Magari ya polisi na ya wagonjwa yana lake jambo, kilomita zinadanganya. Gari linasimama saa nzima linanguruma ili taa na redio vifanye kazi, kilomita haziongezeki lakini injini inazeeka. Ukikuta mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo injini imewaka, isome hiyo. Angalia juu ya paa kulikotoka king'ora, matundu yakiwa hayakuzibwa maji yameshaingia. Greda na matrekta vilevile, ni saa siyo kilomita. Upande wa uzuri, magari ya umma mengi yana daftari la matengenezo, kila servisi imeandikwa, na hiyo huwezi kuipata kwa muuzaji wa barabarani. Omba ulione. Gari lililochoka lenye daftari kamili nalipenda kuliko linalong'aa lisilo na historia.

Kwa ufupi kuhusu kompyuta na tableti, kwa kuwa na wewe umezigusia mwishoni mwa barua yako, sehemu ambayo sikuichapa: kuna za mashule na maofisi zimefungwa na mfumo wa taasisi, ukiiwasha inadai nywila ya msimamizi ambaye hakujui. Niliwahi kununua fungu la kompyuta kumi, nikafika nyumbani nikafungua moja, hakuna diski, nikafungua ya pili, hakuna, zote kumi. Nilirudi kulisoma tangazo na mstari wa mwisho kabisa ulisema zinauzwa bila diski. Tangu hapo nasoma tangazo kuanzia chini.

*Mjomba, nimeshahudhuria minada mitatu. Miwili nimeshindwa, wa tatu nimeshinda pampu na nikajuta, nimepiga hesabu nimelipa zaidi ya bei ya dukani. Nakosea wapi? — Mshindi Aliyeshindwa*

Pole sana. Na nikwambie kitu, hukukosea peke yako, hilo kosa lina jina kabisa kwa wasomi, wanaliita laana ya mshindi, na waliolieleza mwanzo ni wahandisi watatu wa mafuta, mwaka 1971, waliokuwa wanashangaa kwa nini kampuni zinazoshinda minada ya vitalu vya mafuta hazipati faida waliyotegemea. Jibu lao ni kwamba kila mmoja anakadiria thamani, wengine wanakadiria chini wengine juu, na mnada unampa yule aliyekosea kwenda juu kuliko wote. Mwaka 1983 Max Bazerman na William Samuelson wakalijaribu kwa wanafunzi, wakawapa mitungi yenye vitu vya thamani ya dola 8. Makadirio kwa wastani yalikuwa dola 5.13, yaani watu walikadiria chini ya thamani yenyewe, lakini dau lililoshinda kwa wastani lilikuwa dola 10.01. Darasa kwa wastani limekadiria chini, bado mshindi kapata hasara.

Dawa yake inafanyika nyumbani. Chukua bei ya kitu kama hicho kikiwa kimetumika na kinafanya kazi, siyo bei ya kipya. Toa gharama ya kukitengeneza kutokana na ulichokiona siku ya ukaguzi, toa usafiri, toa kodi, toa asilimia ya dalali ambayo minada mingine inamtwika mnunuzi, toa gharama ya kukaa yadini kama utachelewa kubeba, kwa gari toa usajili. Kinachobaki kipunguze tena kidogo kwa usiyoyaona. Namba hiyo iandike kwenye kiganja. Dalali akiipita, kaa chini. Siyo "niongeze kidogo tu kwa kuwa nimetoka mbali", maana nauli uliyokuja nayo imeshaliwa hata ukishinda.

Kama ni mnada wa mtandaoni unaokubali uweke dau la juu kabisa na mfumo ukupandishie wenyewe, weka ile namba yako ya kweli mara moja ufunge simu. Mchumi William Vickrey alionyesha tangu 1961 kwamba mshindi akilipa kile alichotaja wa pili, huna faida yoyote ya kudanganya thamani yako, na hiyo mifumo inakaribia kufanya hivyo, unalipa hatua moja juu ya aliyekufuata. Zabuni za bahasha ni tofauti, huko utalipa ulichoandika, kwa hiyo andika chini ya namba yako na ukubali kwamba mara nyingi utakosa.

Angalia pia amana. Wengi wanadai uweke kiasi kabla hata ya kuruhusiwa kutaja bei, na ukishinda ukashindwa kulipa kwa wakati inaliwa. Ukubwa wake unategemea kinachouzwa, US Marshals, maafisa wa serikali kuu ya Marekani wanaouza mali zilizotaifishwa, walipouza sarafu za mtandaoni za bitcoin 29,656 zilizotokana na kesi ya soko haramu la Silk Road, Juni 2014, walidai kila anayetaka kushiriki aweke kwanza dola 200,000. Yako itakuwa ndogo sana lakini inauma vilevile, kwa hiyo hela yote iwe tayari siku hiyo, usitegemee mkopo ulioahidiwa.

*Mjomba, mdogo wangu ni mhasibu wa halmashauri inayouza. Anaweza kuninunulia ili nipate kwa urahisi? — Kaka Mkubwa*

Hapana. Sehemu nyingi sheria inamkataza mtumishi kununua mali ya ofisi yake isipokuwa pale inaporuhusu waziwazi, na akinunua kwa jina lako ikijulikana anaweza kufukuzwa kazi na mauzo yakafutwa. Akwambie tu tangazo limebandikwa lini, hilo ni la kila mtu, halafu wewe nenda ukashindane kama wengine na yeye siku hiyo asionekane hata karibu na yadi.

*Shikamoo Mjomba. Nimenunua makabati manne ya chuma mnadani, nimefika nayo nimekuta droo mbili zina majalada ya watu, majina, magonjwa, kila kitu. Droo ya tatu ya kabati moja imefungwa na ufunguo sina. Niyachome? — Mwenye Makabati*

Marahaba, na asante kwa kuuliza kabla ya kuwasha kiberiti. Usichome, usisome, usipige picha. Inawezekana ndo nakala pekee ya mgonjwa fulani, na mtu akija kudai mafao au kufuatilia matibabu yake miaka ijayo ataambiwa jalada halionekani. Hili jambo linatokea kuliko watu wanavyodhani, na siyo makabati tu. Mwaka 2010 waandishi wa televisheni ya CBS huko Marekani walinunua mashine nne za fotokopi zilizotumika kutoka kwenye ghala moja New Jersey, wakatoa diski zilizomo ndani, moja ilikuwa imetoka polisi wa Buffalo na ilikuwa na taarifa za kesi za makosa ya ngono. Mashine kubwa za fotokopi zinaweza kuhifadhi kurasa zilizopita ndani yake na ofisi nyingi zinaziuza bila kufuta, kwa hiyo anayesoma hapa na ananunua vitu vya ofisi alijue hilo.

Wewe fanya hivi. Weka majalada yote kwenye boksi, lifunge kwa gundi mbele ya mtu mzima mwingine, andika tarehe. Piga simu ofisi iliyouza, usiongee na dalali, omba mkuu wa masjala, mwambie umenunua fungu namba fulani na umekuta nyaraka. Wakija kuchukua au ukipeleka, waandike barua ya kupokea yenye idadi ya majalada na sahihi, nakala moja ubaki nayo. Ile droo iliyofungwa usiivunje peke yako, ifunguliwe wakiwepo. Ukienda uulizie na ufunguo wake hapo hapo masjala, mara nyingi unakuwa bado umening'inia kwenye ubao wa funguo nyuma ya mlango, hakuna aliyekumbuka kuutoa pamoja na kabati.